Mashine Yenye Tulijenga Kufuata Kadi ya Papa

Kambi ya Dzaleka, mu wiki ya posho

Yaya Nabintu,

Asinge, salamu ya kwetu. Naanza na we, kisha bwana yako, kisha batoto kwa kufuata urefu yao, ju najua bakubwa banakasirikaka wakitajwa nyuma. Uko je? Ule mugongo wako wa kubeba maji ungali unakusumbua, ao ulifanya vile nilikuambia, ukaacha batoto babebe? Mama analala muzuri? Habari ya mji wetu wa Bukavu tunaisikia hapa kila siku, kila mutu anafika na yake, na hakuna zenye zinafanana. Niliacha kuzisikiliza. Nangojaka tu kusikia kama muko.

Mi niko muzima. Malaria ilikuja, ikamaliza kazi yake, ikaenda. Nakula. Mama akiuliza nakula nini, mujibu: nsima, ule ugali wa huku, na kitu ya kando ya nsima. Akiuliza hiyo kitu ni nini, sema inabadilikaka. Haibadilikake sana, lakini sema vile.

Barua hii inabebwa na Mama Cibalonza, ule mama wa bitenge mwenye anapitaka Bukavu, Uvira, Tanzania mpaka hapa, kisha anarudi. Tafazali isome peke yako kwanza. Ku simu singeweza kukueleza, ju Mama anawekaka simu mu sauti ya juu na majirani bote banajibu.

Nakuandikia ju ya ile kadi.

Nilishaka kukuambia kama mi na Niyonkuru tuko na mupango wa kujijengea mashine ya kuchezea, kompyuta ya michezo. Niyonkuru ni ule Murundi wa Ngozi, tunakaa nyumba moja, tunatengeneza masimu ku meza moja pa soko ya kambi. Mutu mufupi, mukali, haamini kitu mpaka aipime. Watu banatuuliza ju ya nini mutu wa kupanga mustari ya posho anajenga mashine ya kucheza. Mi nabajibuka: hapa kazi kubwa ni kungojea. Kuko benye banangojea wakikunywa, kuko benye banaimba mu korali tatu. Sisi tulisema tutangojea tukicheza mupira ku ekran, kile kioo ya picha. Kama ni kosa, si kosa kubwa kupita ingine.

Mashine ya kununua mizima hatukuweza kuifikiria. Lakini ya kujenga kipande kwa kipande inawezekana, mutu akiwa na uvumilivu na akichagua muzuri. Kuchagua njo kazi yenyewe. Bile bipande si bote binasikilizana. Kimoja kinaweza kuwa kizima, na kingine kizima, ukibiweka pamoja bikakataa kusema. Na kwetu hapa kuko shida ya pili. Tangu balirudisha wakimbizi bote mu kambi, kwenda Lilongwe kunaomba karatasi ya ruhusa. Mutu wa Lilongwe akinunua kitu yenye haiingie, kesho anarudi kuibadilisha. Mi nikikosea, narudi kupanga mustari ku ofisi, na ule wa dirisha anauliza: "Si ulikwenda juzi?"

Sasa, Papa. Unajua vile iko na mi. Tangu niliacha masomo ya ualimu na nikachukua barabara, hajasema na mi neno. Nikipiga simu, akisikia sauti yangu anamupatia Mama simu palepale, kama makala ya moto. Hakuna matusi. Laana hakuna. Kimya tu. Ingekuwa laana ningejua namna ya kuibeba, ju laana inaombewaka. Kimya inaombewa namna gani?

Kwa hiyo siku yenye Mama Cibalonza alifika ku meza yetu na kitu yenye ilifungwa mu kipande ya blanketi, akasema, "Kamata, Papa yako anakutumia," nilifikiri amekosea meza.

"Papa?" nikamuuliza.

"Papa yako. Njo vile niliambiwa niseme."

Nikafungua. Ilikuwa kadi ya picha, ile kipande yenye inafanyaka mashine itoe picha ya michezo bila kukwama. Kadi kubwa, ndefu kama mukono wangu tangu kiganja mpaka kiwiko, na mapanga mbili, zile feni ya kuleta baridi. Hakukuwa barua. Nilifunga tena ile blanketi, nikaingia nyuma ya kibanda, nikalia. Nakuandikia vile kama habari, ju njo vile ilikuwa. Papa mwenye alinichapa siku alinikuta kwa majirani na mashine ya mchezo mu mukono, leo ananitumia kadi ya kuchezea. Nilisema, basi, imekwisha. Mzee amefungua mulango.

Niyonkuru aliichukua, akaigeuza, akapuliza vumbi.

"Sha," akasema, ni kusema rafiki, "kadi ni ya mwisho. Mutu anaanzaka na ubongo wa mashine, anatafuta ubao ya kuchomekea bipande, yenye inaupokea, kisha umeme, kisha sanduku. Kadi inakuja nyuma, inafuata bengine. Hii utaiweka wapi? Ni mugeni mwenye amefika mbele ya nyumba kujengwa."

"Ni ya Papa," nikamuambia.

"Nasikia. Lakini kadi haijue ni ya nani."

Pale njo tulikosea, ao niseme, pale njo nilikosea na yeye akanifuata. Kwetu kitu ya mzazi haiwekwe kando, na hairudishwe, na haibadilishwe. Hata kama ni kiatu yenye haikutoshe, unavaa siku moja aone. Kwa hiyo nilisema mashine yote itafuata kadi. Kadi haitafuata mashine. Niyonkuru aliniangalia kidogo, akasema "ego," yaani ndiyo kwa lugha yake, akarudilia simu yenye alikuwa anatengeneza. Murundi akikubali haraka vile, ujue anafikiri kitu ingine.

Kufika pale tulikuwa tayari na mashine moja ya ofisi, yenye ilitoka ku depo moja ya Kanengo, kule kwenye maghala ya tumbaku. Mashine muzuri, safi, lakini kisanduku yake nyembamba kama kitabu cha nyimbo. Kadi ya Papa haikuingia hata nusu. Na kile kipande cha kugawa umeme, chenye kinakaaka ndani, hakikuwa na waya za kulisha kadi kubwa. Tukasema tukibadilishe. Niyonkuru akachungulia, akacheka: waya zake ni za namna yake tu, ubao yake ni ya namna yake tu, ukiondoa kimoja kingine kinakataa. Ilikuwa kama familia yenye inaoana yenyewe kwa yenyewe. Tukaiuzisha.

Ubongo tuliupata mu kambi. Hapa, jina ya familia ikitoka ku orodha ya kupelekwa Canada ao wapi, majirani banaendaka kubapongeza, na wakipongeza macho inazunguka mu nyumba: kitanda itabaki na nani, sufuria na nani. Hakuna mwenye anaona haya, ju siku moja itakuwa zamu yako kuachia. Sisi tulikwenda, tukaimba na bengine, tukakunywa Fanta, tukatoka na ubongo wa mashine yao mu gazeti. Niyonkuru alikuwa na furaha mpaka akamuombea baba wa nyumba barabara muzuri kwa Kirundi.

Kisha tukaomba ruhusa, tukaenda Lilongwe, kule Chilinde, ku duka ya mumalawi mumoja anaitwa Chikondi. Anauzisha bipande bya mashine mu chumba kimoja na mukewe mwenye anauzisha nguo. Mutu wa pole. Tukamuonyesha ubao mukubwa wenye tulitaka, wenye nafasi ya kadi ndefu. Tukamutolea ubongo wetu. Akaangalia maandishi madogo juu yake, akatikisa kichwa.

"Achimwene, izi sizikugwirizana."

Kwa lugha ya huku: ndugu zangu, hibi habisikilizane. Niyonkuru alifikiri mutu anataka kutuuzishia wake. Akakamata ubongo, akauweka mu nafasi yake pa ubao, ukaingia polepole bila kusukuma, ukalala muzuri kabisa. Akamuangalia Chikondi kama mutu mwenye ameshinda kesi. Chikondi akaleta ekran yake. Akaunga waya, akabonyeza. Mapanga ikazunguka. Ekran nyeusi. Akangoja kidogo, akazima, akasema kwa sauti ya chini, "Pepani," yaani poleni.

Kumbe umbo ni moja lakini miaka haifanane. Ule ubao ulizaliwa mbele ya ule ubongo, haumujue. Kuingia haiko kuelewana. Niyonkuru hakukasirika. Anapendaka mutu mwenye anaonyesha kuliko mutu mwenye anasema. Chikondi akapokea ubongo wetu, akatuletea katoni ya zile zenye ubao unazijua, tuchague. Mi nilitaka ule wa nguvu sana. Niyonkuru akachagua mwingine, wa kawaida, niliona ni mudogo kwa kadi ya Papa, nikasema.

"Nyamaza," akaniambia. "Huyu njo tunachukua."

"Ju ya nini?"

"Ju nimesema."

Tukanuniana. Kumbukumbu ya mashine, bile bipande byembamba bya kuchomeka, tulibeba za aina mbili, na moja haikuingia kabisa, ju ile pengo yake ya katikati iko kando kidogo. Nilitaka kusukuma. Mukewe wa Chikondi, akikunja masuruali, akasema bila kuniangalia, "Osakakamiza." Usilazimishe. Nikaacha. Kipande cha kugawa umeme tulichukua kizito, chenye waya mbili za kulisha kadi, kwa sababu ya kadi. Kila kitu yenye tulichukua siku ile, kama ungeuliza ju ya nini, jibu ilikuwa kadi.

Sanduku tu hatukupata. Zote zilikuwa fupi. Basi fundi mbao wa hapa kambini, mutu wa Uvira, akatutengenezea moja kwa mbao za makreti ya tumbaku. Alipima kadi ya Papa na kamba, akaacha nafasi ya kidole. Kazi muzuri, na mulango wa bawaba. Lakini mashine ikipata moto, mbao inatoa harufu ya tumbaku, na majirani banasema mi, mutu wa kuokoka, navuta kwa kujificha. Pasta alikuja kuniuliza. Nikamuwashia mashine, akanusa, akaenda.

Lakini nimeruka mbele. Mbele ya kuiwasha kulikuwa maombi.

Unajua desturi ya kanisa yetu. Hapa imekuwa kali kuliko kule. Mutu akipata mashine ya kushona, baiskeli, kibanda, haianze kazi mbele ya maombi ya shukrani. Ukianza mbele, na kitu ikiharibika, bantu banasema: si aliiba siku ya Mungu? Niyonkuru ni Mukatoliki, alitaka tupime kwanza, tukishajua inawaka njo tuite bantu. Mi nilikataa. Nilimuambia kitu yenye baba ametuma kisha miaka ya kimya, siiwashe kama mwizi mu chumba. Itawashwa mbele ya bantu. Alisema, "Sha, hata bibi harusi anapimaka nguo."

Basi tukaita bantu. Pasta, korali ya bamama, majirani, Mama Cibalonza mwenye alikuwa hajarudi. Mandazi, chai. Jumapili kisha ibada, jua kali, mulango wazi, bengine bamesimama inje. Nilisema maneno mbili: kwamba Papa yangu, mwalimu, alinitumia kipande hiki toka Bukavu, na tulijenga mashine yote kukizunguka. Bamama bakapiga vigelegele. Mama Cibalonza aliangalia chini, akakaza kilemba. Nilifikiri ni jua.

Pasta aliomba mingi. Aliombea ubongo, aliombea umeme usikatike, aliombea waya moja moja kama anabajua majina. Amina. Nikabonyeza.

Mapanga ya ndani ikaanza. Mapanga mbili za kadi ya Papa zikazunguka mara moja, zikasimama. Ekran nyeusi. Mashine ikalia, pip, pip, pip, kama kifaranga yenye imepoteza mama yake. Kisha mumoja wa korali, Mungu amubariki, akaanzisha wimbo wa kuvumilia, bengine bakamufuata, na tulisimama pale tukiangalia ekran nyeusi kwa nyimbo ya mabeti mingi.

"Tuombe tena," Pasta akasema.

"Pasta," Niyonkuru akasema, "na heshima yote, tutoe kwanza kitu kimoja."

Akafungua mulango wa bawaba, akaondoa kadi ya Papa, akaniwekea mu mikono. Akachukua waya ya ekran, akaichomeka nyuma ya ubao wenyewe. Akabonyeza. Ekran ikawaka, nyeupe, maandishi, yote. Nyumba ikalipuka. Haleluya, vigelegele, bantu banakumbatiana. Kumbe ule ubongo alichagua kwa siri, ule wa kawaida, uko na nguvu kidogo ya kutoa picha yenyewe bila kadi. Alikuwa hajaamini kadi tangu siku ya kwanza. Hakuniambia, ju aliniona nikilia nyuma ya kibanda.

Bote balifurahi. Mi nilisimama na ile kadi mu mikono. Sikufurahi hata kidogo, Yaya. Niliona aibu, lakini si ya bantu. Niliona kama nimemuua Papa mbele ya bageni.

Tukaomba ruhusa tena. Ule wa dirisha akauliza swali yake. Chikondi aliiweka kadi ku mashine yake mwenyewe, akaipima, akaigeuza, akaonyesha pa chini pameungua kidogo, zamani.

"Iyi yafa, achimwene."

Imekufa. Haikufa kwetu. Ilifika mufu. Akasema anaweza kuichukua kwa bipande, atatupatia kitu ingine ndogo. Niyonkuru akaniangalia. Nikasema hapana, nikaifunga mu blanketi yake, tukarudi. Barabara yote ya kurudi Niyonkuru hakusema "nilikuambia." Anastahili mushahara kwa ile kimya.

Sasa, Yaya, unisome polepole hapa.

Nilikaa na ile neno kwa siku mingi. Kumuambia Papa kadi yake ilikuwa mufu, ni kumuambia: ulifungua mulango kisha kukawa ukuta. Kunyamaza, ni kumuacha angojee asante yenye haifike. Na kama asante haifike, mzee atafunga tena, na mara hiyo sitapata mutu wa kumubebesha maneno ya kumuomba. Mwishoni nikaweka unite ya maongezi mu simu nikapiga. Nilijua Mama njo atapokea. Ilikuwa Jumatano, kumbe Mama iko ku maombi ya bamama. Ikapokelewa.

"Allo?"

Papa. Sauti yake imekuwa nyembamba. Hukuniambia.

Nikasema haraka mbele hajaweka chini: "Papa, ni Murhula. Nilitaka tu kushukuru ju ya ile zawadi ulituma."

Kimya. Nilisikia kuku wetu. Nilisikia mutu anapita na redio. Nikangoja ile sauti ya simu kukatwa, naijua sana ile sauti.

"Ile zawadi," akasema.

"Ndiyo, Papa. Yenye Mama Cibalonza alileta."

Akakohoa, kile kikohozi chake cha mbele ya darasa.

"Imefika?"

"Imefika."

"Muzuri." Nikasikia anavuta kiti. "Na inakutosha?"

Sikuelewa.

"Mi nilikuwa na wasiwasi na mikono," akaendelea. "Nilisema, ule mutoto amekuwa murefu, pengine mikono itakuwa mifupi."

Yaya. Alifikiri ni shati.

Hapo njo nilijua. Hakutuma kitu, hakujua hata ni kitu gani, na hakuuliza. Mutu mwenye alituchapa sisi wote ju ya uwongo, mwenye alikuwa anasema mutoto mwongo ni nyumba bila paa, alikaa mu kiti yake akanidanganya, na alidanganya vibaya kabisa, kama mutu mwenye hajawahi kujaribu. Aliokota zawadi yenye haikuwa yake ili simu isikatike. Nilibana mudomo na mukono ju asisikie.

"Inatosha, Papa," nikamuambia. "Inatosha muzuri."

"Muzuri. Uivae ku kanisa." Kisha akauliza kama huku kunanyesha. Nikasema kunanyesha. Akauliza nafanya kazi gani, nikamueleza, akauliza kama nafasi ya kukaa iko na dirisha. Unite ikaisha mu katikati ya dirisha.

Sitakuuliza ni nani alituma kadi. Mama hawezi, angelia mbele ya Mama Cibalonza na kusema yote. Ni bwana yako mwenye alikuwa na studio ya kufilmu harusi, na ni we mwenye ulijua jina ya nani itanifanya niipokee. Mwambie shemeji kadi yake ilikufa, pengine ku harusi fulani, sina kinyongo, iko juu ya kabati mu blanketi. Na we, Yaya, ulinidanganya. Nilikasirika siku moja. Siku ya pili nilishindwa kuendelea.

Musalimie Mama, umwambie kukohoa kwa Papa nilikusikia, na mumupeleke akaangaliwe kifua. Musalimie shangazi wetu mwenye anauzishaka samaki ya sambaza, na mudogo wetu wa mwisho, umuambie mashine inacheza mupira sasa hata bila kadi, polepole kidogo, bachezaji banakimbia kama mu maji, lakini banafunga mabao. Niyonkuru anabasalimia bote kama anabajua.

Kitu ya mwisho. Mbele unite haijaisha Papa alisema: "Utume picha, nione." Basi nilikuwa na shida, ju niko na kadi, sina shati. Nilivaa ya Niyonkuru, ile yake ya bluu ya Jumapili, na tulikwenda kwa fotografu wa soko. Picha iko mu bahasha hii. Niyonkuru ni mufupi, unajua. Mikono ya shati inaishia hapa juu, karibu na kiwiko. Fotografu alitaka niikunje isionekane. Nilikataa. Nilinyoosha mikono mbele kabisa. Mupatie Papa mu mukono yake, usiseme kitu, umuache aangalie. Akisema, "Si nilisema?", mujibu ndiyo, Papa, ulisema.

Mudogo yako mwenye anakupenda,

Murhula